Mshahara wa Singida Haupangwi Singida

Mhadhara kwa waajiri wa viwanda vidogo, shule, zahanati na hoteli mkoani Singida



Tarehe 1 Mei 2025 Mei Mosi ya kitaifa iliadhimishwa hapa kwetu, Uwanja wa Bombadia. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, nyongeza ya asilimia 35.1. Watumishi walishangilia, na nani angewalaumu? Waajiri binafsi nao walipiga makofi kwa raha, kwa kuwa tangazo halikuwagusa mfukoni. Hakuna kifungu kilichomlazimisha mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, mwenye shule ya bweni au mwenye hoteli ya karibu na stendi aongeze hata shilingi moja. Wakarudi kwenye biashara zao.

Mimi nasema tangazo lile liliwagusa wao kuliko mtu mwingine yeyote mkoani. Tangu siku ile mhasibu wao, nesi wao na mwalimu wao wa hesabu wana namba mpya kichwani. Anayelipwa 420,000 na mtu binafsi alikuwa juu ya kima cha chini cha serikali asubuhi ile. Ilipofika Julai alikuwa chini yake, na hakuna aliyempunguzia kitu.

Hoja yangu leo ni hiyo. Mshahara wa Singida haupangwi Singida. Unapangwa Dodoma, unapangwa mgodini Mang'onyi, unapangwa kwenye kambi za reli na kwenye ofisi za malori yanayokwenda Rwanda na Kongo. Mwajiri anayekaa Desemba na daftari la mwaka jana, akaongeza kidogo hapa na pale kisha akaliita bajeti, anapanga bei ambayo wenzake wameshaipanga.

Jambo hili si geni kwetu. Enzi za mkoloni vijana wa Kinyaturu na Kinyiramba walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao, SILABU, cha kuandikisha na kusafirisha watu kutoka mikoa ya mbali. Mtu alipewa kipande cha siku 30 za kazi, akazimaliza ndani ya siku 42. Baada ya uhuru serikali ilipoweka kima cha chini cha mshahara mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashamba mengi ya mkonge yalijibu kwa kuajiri watu wachache na kumdai kila mmoja kazi zaidi. Hayakuwa yamejiandaa. Sheria ilipobadilika ghafla, yakapunguza watu. Ninayataja kwa sababu kosa lile tunaweza kulirudia, kwa mashine za kisasa zaidi.

Tuangalie jinsi mishahara inavyopanda nchini. Amri ya Mishahara ya sekta binafsi ilitoka mwaka 2010, ikatoka tena mwaka 2013, kisha kimya hadi ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Kwenye biashara na viwanda, kima cha chini kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi tangu Julai 2013, na kilikaa hapo miaka tisa na nusu hadi kilipofika 150,000. Halafu ikatangazwa amri nyingine Oktoba 2025, ya kuanza tarehe 1 Januari 2026, iliyopandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Kusubiri karibu miaka kumi, kisha mruko. Kusubiri miaka mitatu, kisha mruko mwingine mkubwa zaidi.

Sasa linganisheni na mfumuko wa bei. Mwaka 2023 ulikuwa wastani wa asilimia 3.8, mwaka 2024 asilimia 3.1. Umetulia. Waajiri wengi hutumia namba hiyo kama kipimo: bei zimepanda asilimia 3, basi tutaongeza asilimia 3, tumekuwa wema. Kwa Dar es Salaam, kwenye kampuni kubwa zenye mamia ya wafanyakazi wa daraja moja, huenda kipimo hicho kinasaidia. Hapa kinadanganya. Bei ya unga inapanda polepole kila mwezi, lakini bei ya mfanyakazi inakaa kimya kisha inaruka. Ukiifuata ya unga utajiona uko salama miaka miwili mfululizo, na mwaka wa tatu utapoteza watu wanne ndani ya wiki moja.

Wanakwenda wapi? Kwanza serikalini, na hapa nitakaa kidogo, maana waajiri wengi wanadhani wanashindana na mshahara wa serikali peke yake. Mfanyakazi wa Tanzania anaitazama kazi ya serikali kwa macho mengi. Kuna pensheni, kuna bima ya afya ya familia, kuna kupanda daraja. Kikubwa kuliko vyote kuna mkopo. Mtumishi wa umma akiingia benki na hati yake ya mshahara, anatoka na fedha za kujengea nyumba Mandewa au za kununua pikipiki mbili za kukodisha. Mfanyakazi wako mwenye mshahara uleule anaulizwa maswali mpaka anachoka. Kwa hiyo unaweza kumlipa mhasibu wako 600,000, akaondoka kwenda halmashauri kulipwa 550,000, ukabaki unashangaa na kumwita mpumbavu. Hajapungukiwa akili. Amefuata mkopo. Na dawa yake haina gharama kubwa: kampuni yenye hesabu safi, mikataba ya maandishi na michango ya NSSF isiyo na madeni inaweza kukaa na benki au SACCOS na kuingia makubaliano ya kukata marejesho kwenye mshahara. Ni karatasi na uaminifu. Nashangaa jinsi wanaofanya hivyo walivyo wachache.

Pili ni mgodi. Tangu dhahabu ianze kutoka Mang'onyi, wilayani Ikungi, mwaka 2023, fundi umeme, mchomeleaji na dereva wa mitambo wa mkoa huu wamepata mahali pa kulinganishia bila kuhama mkoa. Amri ya 2023 iliweka kima cha chini cha kampuni zenye leseni kubwa za madini kuwa 500,000, wakati kilimo kilikuwa 140,000. Sakafu mbili hizo zilikuwa ndani ya wilaya moja, kijana anazifikia zote kwa bodaboda.

Tatu ni reli ya kisasa, kutoka Morogoro hadi Makutupora wilayani Manyoni, na kutoka Makutupora kuelekea Tabora. Kazi za ujenzi zina mwisho, na mafundi wanalijua hilo, lakini aliyewahi kulipwa kwa viwango vya mkandarasi wa kimataifa harudi kirahisi kwenye viwango vya gereji ya mtaani. Nne ni Dodoma yenyewe, iliyo umbali wa kama kilomita 240 kwa lami. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, hoteli, ofisi na maduka ya Dodoma yamekuwa yakitafuta watu, na mpishi mzuri wa Singida anafika kabla ya chakula cha mchana. Madereva sina haja ya kuwaeleza. Wako barabarani, malori yanapita mbele yao kutwa.

Najua kuna mtu hapa anajiuliza: watu wasio na kazi wamejaa, mimi niongeze mshahara kwa nini? Swali lina uzito. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waliomba zaidi ya watu 135,000. Kwa namba hizo unaweza kulala usingizi ukijua ukimfukuza mlinzi leo, kesho asubuhi wako kumi getini. Ni kweli kwa mlinzi, ingawa mlinzi anayejua ni gari lipi huingia saa ngapi naye ana thamani yake. Si kweli kwa fundi anayejua kwa sauti tu kwamba mashine yako ya kukamua inakaribia kukata. Soko la ajira la Singida ni masoko mawili yanayoishi nyumba moja: la wengi wanaotafuta chochote, na la wachache wanaotafutwa. Bajeti nyingi nilizoziona zinawachanganya, na ndipo fedha zinapotelea.

Tuchukue mfano wa kubuni, kiwanda cha alizeti chenye watu 14 hapa Manispaa. Msimamizi wa uzalishaji analipwa 700,000, mhasibu 650,000, fundi mitambo 600,000, madereva wawili 450,000 kila mmoja, mtunza ghala 400,000, waendesha mashine wanne 300,000 kila mmoja, muuzaji wa dukani 300,000, walinzi wawili na mhudumu mmoja 250,000 kila mmoja. Jumla ni 5,500,000 kwa mwezi. Mwenye kiwanda akiulizwa bajeti yake ya mishahara atajibu milioni tano na nusu. Siyo. Kuna mchango wake wa NSSF, asilimia 10. Kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5, kwa kuwa ana wafanyakazi kumi au zaidi. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5. Ni asilimia 14 juu. Gharama halisi ni 6,270,000 kwa mwezi, yaani 75,240,000 kwa mwaka, na hapo hatujagusa saa za ziada za msimu, ambazo sheria inataka zilipwe mara moja na nusu, wala mtu wa kushika nafasi wakati mwenzake yuko kwenye likizo yake ya siku 28, wala kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka wa utumishi.

Kuna wanaobaki na wafanyakazi tisa kwa makusudi ili wasiguswe na tozo ya ufundi stadi. Asilimia 3.5 inaokolewa, na mtu wa kumi ambaye angeongeza uzalishaji haajiriwi. Kila mtu na hesabu zake.

Upande wa mfanyakazi nao una hesabu yake. Anayelipwa 500,000 anakatwa 50,000 za NSSF. Kodi inahesabiwa kwenye 450,000 iliyobaki, nayo ni 14,400 kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26. Kinachoingia mkononi ni 435,600. Mwajiri ametoa 570,000. Kati ya kilichotoka kwa mmoja na kilichofika kwa mwingine kuna 134,400, na ugomvi mwingi wa ofisini huzaliwa humo: bosi anakumbuka namba ya juu, mfanyakazi anakumbuka ya chini, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Mnapokubaliana mshahara, andikeni zote tatu kwenye karatasi moja.

Turudi kiwandani. Mwenye kiwanda ana uwezo wa kuongeza asilimia 10 mwaka huu, yaani 550,000 za mishahara kwa mwezi, ambazo pamoja na michango ni 627,000. Njia rahisi ni kumpa kila mtu asilimia 10. Inaonekana ya haki na haileti maneno. Fundi mitambo anapanda kutoka 600,000 hadi 660,000, na akipigiwa simu kutoka mgodini bado ataondoka. Mlinzi naye amepata nyongeza ambayo soko lake halikuidai. Fedha zimetoka zote na hatari haijapungua.

Njia nyingine: kila mtu apate asilimia 4, ili asiwepo aliyerudishwa nyuma na bei za sokoni. Hiyo ni 220,000. Zinabaki 330,000. Katika hizo fundi aongezwe 120,000, msimamizi 80,000, mhasibu 70,000, na madereva 30,000 kila mmoja. Fedha ni zilezile. Fundi sasa yuko 744,000. Huenda mgodi ukamzidi bado, lakini sasa ana sababu ya kufikiri: mke ana duka Kibaoni, watoto wako shule jirani, anarudi nyumbani kila jioni. Mwajiri wa mji mdogo halazimiki kufikia mshahara wa mgodi. Anatakiwa kufika karibu kiasi kwamba nyumbani kumalizie kazi.

Nyongeza ya fundi, pamoja na michango, inamgharimu mwenye kiwanda chini ya shilingi milioni 2 kwa mwaka mzima. Mashine ikisimama wiki moja Julai, wakulima wamejipanga nje na magunia yao, hawatasubiri. Watahamia kwa jirani, na wengine hawatarudi msimu ujao.

Nyongeza za namna hii zina sharti. Zifuate kazi, zisifuate sura. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi na inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ukimpa dereva mmoja na kumwacha mwingine anayeendesha gari lilelile njia ileile, jiandae kueleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiwapa madereva wote na kueleza kwa nini, watu watanung'unika siku mbili kisha wataelewa. Singida Black Stars ilipotwaa Kombe la Kagame mwaka 2025, sidhani kama kuna shabiki aliyeamini kwamba wachezaji wote wanalipwa sawa, wala aliyetaka iwe hivyo.

Kuna la msimu, na hili ndilo linalotutenga na waandishi wa vitabu vya utawala. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Alizeti inavunwa kuanzia Mei, viwanda vinahema kwa nguvu kuanzia Juni, na ikifika Februari ua wa kiwanda umejaa kuku kuliko magunia. Mshahara haujui msimu. Mwajiri akiona fedha za Agosti akapandisha mishahara ya kudumu kwa furaha, Machi atakuwa analipa kwa mafungu, na mshahara ukishapanda haushushwi bila mfanyakazi kukubali. Wakulima na wakamuaji wanakumbuka bei ya alizeti ilivyoanguka mwaka 2023 baada ya mwaka mtamu. Aliyekuwa amefunga mishahara ya kudumu kwa bei za mwaka mtamu aliumia.

Ninachopendekeza ni kutenganisha. Mshahara wa kudumu upangwe kwa kiwango ambacho miezi mibaya inaweza kukibeba. Juu yake iwekwe bakshishi ya msimu, iliyoandikwa mapema, inayofuata tani zilizokamuliwa au siku ambazo mashine haikusimama, na ilipwe msimu unapofungwa. Inakatwa kodi kama malipo mengine, lisisahaulike hilo. Na kila mwezi wa mavuno itengwe fedha ya mishahara ya miezi isiyo na mavuno kwenye akaunti ambayo mwenye kiwanda hataigusa kununulia mbegu. Wafanyakazi wanasamehe mshahara mdogo kwa muda mrefu kuliko wanavyosamehe mshahara unaofika tarehe 12 ya mwezi unaofuata. Mwezi ukiwa kona na mshahara haujulikani siku yake, hata mtu asiyetafuta kazi huanza kutafuta.

Pamoja na hiyo kuwe na akiba ya mruko. Mimi hukadiria asilimia 5 ya mishahara. Kwa kiwanda chetu ni 275,000 kwa mwezi, 3,300,000 kwa mwaka. Amri ya mishahara ikitoka, au serikali ikitangaza kima kipya, fedha ya miezi sita ya kwanza ya marekebisho ipo, na mwajiri anapata muda wa kupandisha bei au kuboresha uzalishaji bila kumfukuza mtu. Isipotoka mwaka huo, fedha haijaoza. Wenye mashamba ya mkonge walikosa muda huo.

Wengine wataniambia biashara zao hazina nafasi ya kutenga hata asilimia 1. Nawaamini wachache wao. Wengi wana nafasi hiyo, isipokuwa imekaa kwenye advansi zisizo na utaratibu, kwenye posho za safari zisizo na safari, na kwenye gharama ya kufundisha dereva mpya kila baada ya miezi minne, gharama ambayo haiandikwi popote. Ianzeni bajeti kwa kuiandika hiyo. Hesabuni walioondoka miaka miwili iliyopita, walikwenda wapi, na iliwachukua wiki ngapi kupata wa kuziba nafasi. Mkiwa na ujasiri, wapigieni simu muwaulize walichopewa. Watu wakishaondoka husema kweli.

Kazi hiyo isingoje Desemba. Serikali hufunga mwaka wake wa fedha tarehe 30 Juni, nyongeza zake huanza Julai, na Julai ndipo miezi yetu ya mavuno inaposhika kasi: mlango wa kutokea unafunguka wakati uleule tunapomhitaji mtu zaidi. Bajeti ya mishahara ya mwajiri wa Singida iwe imekamilika Aprili, kabla ya hotuba za Mei Mosi. Kaeni na wahasibu wenu mwezi huo, andikeni majina ya watu watatu ambao wakiondoka kazi inasimama, na muwaite kabla hawajaitwa na wengine.